Woki (besiboli): maana na matumizi

Woki (nomino, ngeli ya i-/zi-) ni haki apewayo mpigaji katika mchezo wa besiboli ya kwenda kituo cha kwanza bila kuupiga mpira. Huipata pale mrushaji anapomrushia mipira minne nje ya eneo halali, hata isipofuatana, naye asijaribu kuipiga. Ligi kuu ya Marekani imeishika idadi hiyo tangu 1889.

Neno la asili lina maana ya kutembea, na hapo ndipo wafasiri wengi hujikwaa. “Mrushaji aliwatembeza wapigaji watatu” humpotosha msomaji, kwani kutembeza ni kumpeleka mtu matembezini au kuchuuza bidhaa. Na atembezaye kichapo ndiye mshindi. Katika woki, anayepata hasara ni mrushaji. Tuandike:

• Mrushaji alitoa woki tatu.
• Mpigaji alipata woki.

Woki huweza pia kutolewa kwa makusudi ili kumkwepa mpigaji hatari. Mwaka 2004 Barry Bonds alipata woki 232, zikiwamo 120 za makusudi. Mfasiri aandikaye kwamba Bonds “alitembea mara 232” amemnyima msomaji habari yenyewe: kwamba aliogopwa.