Makosa ya upasuaji: Kutajwa jina kunavyookoa maisha

Mwezi Novemba mwaka 2007, Watanzania walishtushwa na habari kutoka Taasisi ya Mifupa (MOI) iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walichanganywa: aliyeumwa goti akapasuliwa kichwa, na aliyeumwa kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, nayo ilimpasua ubongo mgonjwa asiyehusika.

Kinga ya makosa hayo haihitaji mashine ya gharama. Mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa karatasi yenye mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji: mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini na upande gani. Mwishoni, vifaa na vitambaa vyote vinahesabiwa kabla mgonjwa hajatolewa.

Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane, zikiwemo za London, Seattle na Ifakara mkoani Morogoro. Matokeo yaliyotangazwa Januari 2009 yalionyesha vifo baada ya upasuaji vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Lakini karatasi inayojazwa baada ya kazi kwisha haimlindi mtu. Kwa hiyo, uwe Muscat, Leicester au Mbeya, kabla ya kupewa dawa ya usingizi taja jina lako kamili na sehemu inayopasuliwa, na uombe itiwe alama. Kuuliza si kumvunjia daktari heshima.