Chuma Hupimwa kwa Kidole na kwa Jicho

Msomaji, ukitoka Nairobi kwenda Mombasa, njia ya kuingia mjini Machakos huiacha barabara kuu pale Kyumbi. Hebu fikiria lori limekwama hapo: pampu yake ya maji imepasuka, na spea ya aina hiyo haiuzwi tena. Itabidi fundi aunde nyingine kwa kuiga ile ya zamani.

Je, ataipimaje? Tundu la beringi likizidi sehemu tano tu za mia za milimita, karibu unene wa unywele mmoja, beringi hulegea, pampu huvuja na injini huchemka. Lori litakwama tena.

Njia ya kwanza ni kugusa. Mashine ina kijiti chenye kitufe cha yakuti nchani. Kila kinapogusa chuma, mashine hurekodi mahali hapo, pengine kwa usahihi wa sehemu chache za elfu za milimita. Mwaka 1972 Mwairishi David McMurtry, akiwa Rolls-Royce, alibuni kijiti kinachotoa ishara ya umeme mara tu kinapogusa. Alitaka kupima mabomba membamba ya mafuta ya injini za ndege ya Concorde. Lakini kugusa huenda polepole, nukta baada ya nukta.

Njia ya pili ni mwanga. Mistari ya mwanga humulikwa juu ya chuma, kamera hutazama inavyopinda, na kompyuta hupata mamilioni ya nukta kwa muda mfupi. Ila chuma king'aacho huisumbua kamera, na ndani ya tundu refu haioni.

Ndiyo maana wajuzi huziunganisha. Mwanga huchora umbo zima. Kijiti hupima matundu na nyuso zinazokutana. Vitufe vitatu huwekwa kando ya kifaa na kupimwa kwa njia zote mbili, ili kompyuta ipate kuzioanisha ramani hizo mbili ziwe moja.

Fundi wa jua kali naye hufanya vivyo hivyo: huchora umbo kwenye kartoni, kisha hupima matundu kwa kalipa.

Kwa hiyo, ukiletewa spea ya kuigwa, usiridhike kwamba inafanana na ya zamani. Uliza: tundu la beringi lilipimwa kwa chombo gani, na chombo hicho kilikaguliwa lini?