Mbalanga Imelala au Inatembea?

Mgonjwa wa mbalanga akinyoosha mikono mbele ya daktari, baka jeupe kwenye kiwiko halisemi kama limetulia tangu mwaka juzi au bado linatambaa. Na jibu la swali hilo ndilo linaloelekeza tiba. Mbalanga inayoenea inatakiwa izimwe mapema. Iliyotulia inaweza hata kupandikizwa ngozi yenye rangi. Ukiipandikiza ingali moto, ngozi ile mpya nayo hupauka, na maumivu yote yamekwenda bure.

Ndiyo maana watafiti wameigeukia damu. Chanzo cha mbalanga kiko ndani ya ngozi: seli T, askari wa kinga ya mwili wanaoua seli zilizoingiliwa na virusi, huzigeukia seli zinazotengeneza rangi na kumwaga kemikali ya kinga iitwayo interferoni gama. Seli jirani zikiipokea interferoni hiyo hutoa kemokini, yaani kemikali za kuita seli za kinga, hasa CXCL9 na CXCL10. Hizo ndizo mbiu ya mgambo: seli T nyingine huitika, nazo humwaga interferoni zaidi. Sehemu ya kemokini hizo huvujia kwenye damu. Wagonjwa ambao mabaka yao yanaenea wameonekana kuwa na CXCL10 nyingi kuliko waliotulia, na kiwango hushuka tiba inapofanya kazi. Ruxolitinib, dawa ya kupaka iliyoidhinishwa Marekani kwa mbalanga mwaka 2022, huziba masikio ya seli zisiisikie interferoni.

Hata hivyo, vita viko kwenye ngozi; damu hupata mwangwi tu. Vibaka vichache vinavyokua huenda visiinue kiwango chochote, ilhali maambukizi ya virusi au kifua kikuu huinua CXCL10 kwa mtu asiye na baka hata moja. Watafiti wanapoivuta ngozi taratibu mpaka ifanye lengelenge, kisha wakapima maji yake, habari huwa wazi zaidi. Kipimo kingine cha damu, cha tezi ya thairoidi, ambacho wengi huandikiwa, hutafuta ugonjwa mwingine unaopenda kuandamana na mbalanga. Hakisemi lolote kuhusu mwendo wa mabaka, na mgonjwa anastahili kuelezwa hivyo kabla hajalipia.

Kwa sasa, kabla ya sindano ya kutoa damu, ningezima taa za chumba na kuwasha taa ya Wood, ile ya miale ya urujuanimno. Pembeni mwa baka, vitone vya milimita moja hadi tano hujitokeza vikiwa vimetapakaa kama unga uliomwagika. Mstari mweupe mpya hufuata mahali mkanda wa saa unapokwaruza. Dalili hizo zikionekana, mbalanga inatembea.