Wageni wa Unguja na watoto wao: chama kinasaidia, lakini hakitoshi

Familia inapohamia Unguja, ikishapata nyumba na skuli, kitu cha tatu inachotafuta ni watu wa kwao. Mtaliano wa Kiwengwa atawatafuta Wataliano wenzake. Mkenya aliyeajiriwa hotelini Nungwi atauliza Wakenya wanakutana wapi. Fundi wa kutoka Moshi anayejenga Fumba, kabla hajapokea hata mshahara wa kwanza, atakuwa ameshaambiwa kuwa wapo watu wa kwao wenye kikundi cha kufa na kuzikana, na kwamba kiingilio si kikubwa.

Ni jambo la kawaida na lina faida yake. Mama mwenye mtoto mchanga, mume yuko kazini tangu alfajiri, nyumba iko Jambiani na ndugu wote wako ng'ambo, anahitaji mtu wa kumwuliza homa hii ni ya meno au aende hospitali. Kikundi kitamjibu kwa lugha yake. Kitamwuzia kitanda cha mtoto kilichotumika na kumtajia yaya anayeaminika. Jumamosi kitawakutanisha watoto ufukweni. Katika miezi sita ya mwanzo hakuna dawa ya upweke inayoshinda hiyo.

Shida huanza mwaka wa pili, pale kikundi kinapokuwa ndiyo Zanzibar yote anayoijua mtoto.

Majumba ya wageni wa zamani

Kisiwa hiki hakikuanza jana kuishi na vyama vya wageni. Anayetembea Mji Mkongwe kwa nusu saa hupita mbele ya majumba yao bila kujua. Lipo hekalu la Wahindu Hurumzi, na kengele zake husikika mpaka barabarani. Wapo Mabohora na Waithnasheri, kila jamaa na msikiti wake na utaratibu wake wa kuoza na kuzika. Lipo kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji wanaliita Minara Miwili, lililojengwa na mapadri wa Kifaransa mwishoni mwa karne ya 19. Kanisa hilo ndilo lililowakusanya Wagoa: makarani, washonaji, wanamuziki na wapiga picha waliotoka Goa iliyokuwa chini ya Ureno.

Na ipo Shangani ile nyumba iliyokuwa klabu ya Waingereza. Klabu yenyewe ilianzishwa mwaka 1888 na hutajwa kuwa kongwe kuliko zote za aina yake Afrika Mashariki. Ilikuwa na vitabu na magazeti ya kwao, kaunta ya vinywaji, na baraza ya kukaa kulitazama jua likizama baharini. Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba sinia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 ikapewa jina la Africa House, na leo ni hoteli. Yeyote mwenye pesa ya soda anaweza kupanda juu akakaa.

Tofauti ya vyama hivyo viwili, cha Shangani na cha Kiponda au Hurumzi, ni ya kuangaliwa na kila mzazi. Klabu ya Waingereza ilikuwa ya watu wazima waliokuwa wakihesabu miaka ya kurudi kwao. Jamaa za Wahindi ziliingia katika mambo ya nyumbani: nani ataoa, nani atasomesha mayatima, nani atazikwa wapi. Waismailia walifungua skuli Unguja mwaka 1905, na wengine walikuwa na zao. Wengi wao waliondoka kisiwani baada ya 1964, hilo linajulikana, lakini hadi leo jamaa hizo hazijafa. Ni chache, zimezeeka, ila zipo. Klabu iliyokuwa na kaunta tu ndiyo iliyobadilishwa jina ikaisha.

Hata hao Waingereza, kifo kilipowafika hawakuweza kuzikana klabuni. Nenda kisiwa cha Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe, utaona makaburi ya mabaharia wao, wakiwamo waliouawa Septemba 20, 1914 pale meli ya Wajerumani, Königsberg, ilipoishambulia Pegasus ikiwa bandarini Unguja.

Watu wa bara nao walikuwa na chama chao. African Association ya Zanzibar iliundwa mwaka 1934, na wengi wa wanachama wake walikuwa wafanyakazi waliotoka bara au watoto wa waliotoka bara. Mwaka 1957 ikaungana na Shirazi Association ikazaliwa Afro-Shirazi, chama kilichokuja kuongoza serikali. Anayedhani vyama vya wageni ni mambo ya chai na biskuti tu, hapo amekosea.

Mtoto wa jamii ndogo

Jamii ikiwa ndogo sana, mtoto ndiye hulipa gharama. Mfano unaojulikana dunia nzima ni wa Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja Septemba 5, 1946, ambaye baadaye aliitwa Freddie Mercury. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India, na baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Waparsi wa Unguja walikuwa wachache mno. Akiwa na umri wa miaka 8 hivi, Farrokh alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, mbali na wazazi kwa safari ya meli. Alirudi Unguja akiwa kijana, na mwaka 1964 familia ikahamia Uingereza.

Watalii humiminika Shangani kuitafuta nyumba yake. Mzazi angefaa aitafakari ile safari ya meli. Wazazi wale hawakuwa na ubaya. Walitaka mtoto asome kama watoto wa kwao walivyosoma. Ndivyo wanavyowaza wazazi wengi wageni leo, ingawa siku hizi bweni limekuja mpaka hapa: basi la skuli asubuhi, nyumba yenye ukuta na mlinzi mchana, sherehe za kuzaliwa za watoto wale wale kila mwisho wa wiki. Mtoto hajapelekwa ng'ambo, lakini Unguja pia hayupo.

Kiswahili cha amri

Angalia jinsi mtoto huyo anavyojifunza Kiswahili. Walimu wake ni yaya, mlinzi na mtunza bustani, na wote wanalipwa na baba yake. Kwa hiyo maneno ya kwanza anayoyashika ni haya: lete, njoo, funga, toa, haraka. Ukimsikiliza utadhani anajua lugha, maana anatamka vizuri kuliko wazazi wake. Lakini hajawahi kuhitaji kusema "naomba". Hajawahi kumbembeleza mtoto mwenzake amwachie zamu ya kupiga mpira. Hajawahi kukatazwa jambo na bibi wa jirani ambaye halipwi na mtu.

Kenya ya masetla ilikuwa na Kiswahili cha namna hiyo, hata kikapewa jina lake: Kisetla. Kilikuwa cha kuamrisha shambani na jikoni. Watoto wengi wa masetla walikulia ndani yake, wakawa watu wazima wenye kuongea na kila mtu mweusi kama wanaongea na mpishi.

Na tusiwasingizie Wazungu peke yao. Yapo majumba ya Waswahili, Mbweni kwa Unguja na Masaki kwa Dar es Salaam, ambamo mtoto wa miaka 6 anamwita dada wa kazi kwa kupiga makofi. Huyo hana hata kisingizio cha ugeni.

Dawa yake haina gharama. Yaya akiwa mkubwa kwa umri, mtoto amwamkie shikamoo kila asubuhi, mbele ya wazazi, na wazazi wenyewe waombe badala ya kuamuru. Yaya aruhusiwe kumkanya mtoto na neno lake lishike. Mzazi mgeni naye aende kusoma. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kimekuwa kikiwafundisha wageni Kiswahili kwa miaka mingi, na kabla yake ilikuwapo taasisi ya lugha iliyojulikana kwa jina la TAKILUKI. Mtoto akimwona mama yake anakosea ngeli na kurekebishwa na muuza samaki, ataelewa kuwa mtu anayezungumza naye Kiswahili anaweza kuwa mwalimu wa mama pia.

Msiba hauna kadi

Chama cha wageni hupimwa siku ya msiba. Vikundi vya watu wa bara vinalijua hilo kuliko vyote, ndiyo maana vimeanzia hapo: mchango wa kila mwezi, na mwanachama akifiwa, wenzake wanashughulikia jeneza, boti ya kwenda Dar es Salaam na gari la kuendelea hadi nyumbani. Ni vikundi vya watu wa kipato kidogo, lakini kwa kazi hiyo vinawapita wageni wenye nyumba za ufukweni, ambao wengi wao hukutana kwa chakula cha jioni na hawajawahi kuulizana, mmoja wetu akifa leo usiku, tunaanzia wapi? Mzazi mwenye watoto wadogo inampasa awe na jibu la swali hilo: nani atakaa na watoto, hati zao ziko wapi, ubalozi unapigiwa simu namba gani. Na kikundi kinachoshika pesa za watu kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, na akaunti yake isitolewe fedha kwa saini ya mtu mmoja.

Ila usiku huo, watakaofika wa kwanza mlangoni hawatakuwa wa kikundi. Watakuwa majirani. Unguja msiba hauna kadi ya mwaliko. Mazishi ya Kiislamu hayacheleweshwi. Mtu akifa alfajiri huenda adhuhuri amekwishazikwa, na mtaa mzima umehudhuria, wanaume wakibebana jeneza, wanawake wakiwa ndani na wafiwa. Mgeni asiye Muislamu anaweza kufika, akavaa nguo ya kusitiri, akatoa pole na kukaa kimya. Hatasahauliwa. Anayepita na gari lake vioo vimefungwa naye pia hasahauliki.

Sheha ni mtu mwingine wa kujulikana mapema. Wageni wengi humwendea siku wanapotaka barua tu. Ni bora aende siku za mwanzo, na watoto, ajitambulishe. Sheha akiijua familia, mtaa wote umeijua.

Wenyewe tukiwa ugenini

Wazanzibari wanayajua haya kwa upande wa pili pia. Waliokwenda Oman baada ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita wenye asili ya huko, walikwenda na Kiswahili chao, na mpaka leo hukisikia Muscat katika nyumba, harusi na barza za wazee. Wajukuu wengi wanakielewa lakini wanajibu kwa Kiarabu. Wangazija wa Marseille, Ufaransa, wameunda vyama kwa kijiji: kila kijiji cha Komoro na watu wake, wanachangishana kujenga skuli na msikiti kule walikotoka na kuwasafirisha waliofariki wakazikwe kwao. Ni kazi kubwa. Lakini hata huko wazee hulalamika kuwa vijana waliozaliwa Ufaransa wanachangia kijiji ambacho hawajui njia zake.

Kwa hiyo mzazi wa Kizanzibari aliyeko Uingereza, anayetaka mwanawe akutane na Wazanzibari tu kila Jumapili, yuko katika mtego ule ule wa Mtaliano wa Kiwengwa. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe analopewa mtoto ni kucheza na watoto wa hapo alipo, kugombana nao na kupatana nao.

Saa ya mpira

Wapo wazazi wageni wanaosema walijaribu, wakamtoa mtoto nje, hakukuta mtu wa kucheza naye. Huenda walitoka saa mbaya. Mtoto wa Unguja ana skuli mbili. Akitoka ile ya serikali huenda chuoni kusoma Kurani, mchana au jioni, kwa kutegemea zamu yake ya skuli. Nafasi kubwa ya mchezo ni baada ya alasiri, jua likipoa, mpaka adhana ya magharibi. Hapo ndipo uwanja wa Mnazi Mmoja unapojaa, na ufukwe wa Paje maji yakitoka unakuwa viwanja vitatu vya mpira.

Alhamisi na Ijumaa vyuo vingi hupumzika, na Ijumaa mchana baada ya sala ni wakati mzuri wa kutembeleana. Mama wa jirani hatasubiri kuombwa miadi. Piga hodi, usiende mikono mitupu, na usikatae kitu atakachokupa. Anayependa muziki anaweza kumwandikisha mtoto Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, ambako mtoto wa mgeni na wa mwenyeji hukaa benchi moja wakijifunza kanuni au fidla, na mwalimu huwagombeza wote wawili kwa Kiswahili.

Jumamosi ibaki ya kikundi. Watoto wanahitaji pia kusikia lugha ya bibi yao, na mama anahitaji kucheka na mtu anayeelewa utani wake bila kufafanuliwa. Ila mtoto wa jirani naye aalikwe huko, aje na kaka yake, na chakula kiwe ambacho wote wanaweza kula.