Fundi kafunga msumeno wa meza? Stuli ndogo ndizo zinazotaka tahadhari kubwa

Singida. Fundi seremala wa Utemini aliyezoea msumeno wa mkono na randa akifunga mashine mpya ya kupasulia mbao, kazi inayomjia haraka kichwani ni stuli. Zile meza fupi za pembeni ya kochi, za kuwekea chai ya mgeni na rimoti. Zinatumia mbao kidogo, zinauzika kwa seti na vipande vyake vinafanana. Miguu 16 ya stuli nne inakatwa kabla chai haijapoa.

Shida ni kwamba kazi hiyo inayoonekana nyepesi ndiyo inayosogeza vidole karibu zaidi na meno.

Mbao ya mlango ni ndefu, mikono inaisukuma ikiwa mbali. Mguu wa stuli una sentimita 50 hivi, na mbao za mkanda zinazounga miguu ni fupi zaidi. Mwisho wa kila mkato, kiganja kinajikuta hatua chache tu kutoka kwenye msumeno.

Na msumeno wenyewe hauna masihara. Wa inchi 10 ukizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda takribani kilomita 190 kwa saa. Hakuna basi la Singida kwenda Dodoma linalofika huko, hata dereva awe na haraka vipi. Hakuna pia mkono unaowahi kujitoa.

Mbao inarushwaje?

Ajali inaweza kuanza hata kama mkono haujateleza. Meno ya mbele ya msumeno yanashuka na kuikandamiza mbao mezani. Ya nyuma yanapanda. Mbao ikibanwa ikagusa haya ya nyuma, inanyanyuliwa na kurushwa kwa fundi, tumboni au usoni. Mkono uliokuwa umeishika unaweza kuvutwa kwenye meno.

Ndiyo maana mashine nyingi mpya zina kibamba chembamba cha chuma kinachosimama nyuma ya msumeno. Kazi yake ni kuzuia mbao isifumbe na kubana. Kukivua kwa sababu "kinasumbua" ni kuondoa kinga muhimu kuliko zote, pamoja na kifuniko cha juu.

Kwa stuli kuna mtego mwingine. Ili miguu yote iwe sawa, fundi huegesha mbao kwenye reli ya pembeni kama kipimo, halafu anakata kwa kukatisha. Kipande kilichokatika kinabaki kimenaswa kati ya reli na msumeno, kikipinda kidogo tu kinaruka.

Dawa yake ni rahisi. Kibao cha unene wa sentimita 3 kinabanwa kwa klampu kwenye reli, upande wa fundi, kabla ya pale msumeno unapoanzia. Mguu unapimwa kwa kugusa kibao hicho, kisha unasukumwa kwa kile kisukumio cha kukatia urefu. Ukifika kwenye meno, kati yake na reli pana nafasi, hivyo ukikatika unabaki huru. Miguu inatoka sawasawa na mteja hatakunja karatasi kuweka chini ya mguu mmoja.

Kwa kupasua mbao nyembamba kwa urefu, mkono usifike mwisho. Kijiti cha kusukumia kinachongwa kwa dakika tano na kinakaa pale pale mezani. Glavu zivuliwe, maana meno yakinasa kitambaa yanavuta na kilichomo ndani.

Umeme ukirudi ghafla

Hili linasahaulika sana. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine yenye swichi ya kawaida inabaki imewashwa. Fundi anainama kusafisha vumbi, umeme unarudi, msumeno unaanza kuzunguka. Wakati wa kununua, swichi ya kutafuta ni ile inayojizima umeme ukikatika na haiwaki hadi ibonyezwe upya. Isiyo nayo ichomolewe kwenye soketi kila umeme unapokatika, na pia wakati wa kubadilisha msumeno.

Waya mwembamba mrefu wa kuunganishia nao ni tatizo. Unapunguza nguvu, mota inachemka na msumeno unalemewa katikati ya mbao.

Marekani, mvumbuzi Stephen Gass alibuni mwaka 1999 mfumo unaohisi ngozi ya binadamu na kusimamisha msumeno ndani ya milisekunde 5 hivi. Mashine za kawaida hazina kitu hicho, kwa hiyo ile kinga ya chuma na kijiti ndivyo vilivyopo.

Mbao mbichi inakulipa mara mbili

Iwe mninga au paini, mbao isiyokauka hufumba nyuma ya msumeno na kubana, na hapo ndipo kurushwa kunapotokea. Ikishakuwa stuli inaleta kesi nyingine. Singida ina kiangazi kirefu chenye upepo mkavu. Mbao inaendelea kusinyaa ndani ya sebule ya mteja, hasa kwa upana, na uso wa meza unapasuka.

Zipangwe kivulini zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite, kwa wiki nyingi kadiri ya unene wake. Kisha uso wa meza usigongwe misumari wala kupakwa gundi kwenye mkanda pande zote. Skrubu zipite kwenye matundu yaliyorefushwa kidogo kuelekea upana wa mbao, ili uso usinyae au utanuke bila kupasuka.

Barakoa isisahaulike wakati wa kupasua na kupiga msasa. Vumbi la mbao limo kwenye orodha ya visababishi vya saratani ya shirika la utafiti la IARC tangu mwaka 1995.

Na ikitokea kidole kimekatika: jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi, kidole kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye barafu. Barafu isiguse nyama. Kisha hospitali, mara moja.