Unauza kila siku lakini hela huioni? Angalia faida kwa pande mbili

Mfanyabiashara mwenzangu, mwezi umeisha, umeuza zaidi ya milioni na nusu, lakini ukitaka kwenda Kariakoo kufunga mzigo, hela haitoshi. Jumla ya mauzo haitakuambia imeenda wapi.

Tuchukue mfano. Upo Mbagala, unauza madera na mashuka WhatsApp na Instagram, delivari bure. Dera moja linakupa faida ya 5,000, shuka 15,000. Boda wa hapo hapo Mbagala unamlipa 2,000, wa Tegeta 10,000. Ukishatoa hela ya boda, mwezi unasoma hivi:

👉 Mbagala: madera 30, faida 90,000. Mashuka 10, faida 130,000.
👉 Tegeta: madera 20, HASARA 100,000. Mashuka 10, faida 50,000.

Jumla faida 170,000. Sasa angalia mtego ulipo. Ukipanga kwa eneo tu, Tegeta ina hasara ya 50,000, utasema uiache. Ukipanga kwa bidhaa tu, madera yana hasara ya 10,000, utasema uyaache. Kote utakosea! Tatizo ni dera linaloenda Tegeta, basi.

Hiyo ndiyo kazi ya jedwali la pivoti. Lipo kwenye Excel, na kwenye Google Sheets ni bure ukiwa na Gmail. Tumia kompyuta, hata ya kuazima.

1. Andika kila oda mstari wake, safu 7: Tarehe, Bidhaa, Eneo, Bei, Mtaji, Boda, Faida.
2. Kwenye Faida, mstari wa pili, weka =D2-E2-F2 kisha vuta mpaka chini.
3. Chagua data yote pamoja na vichwa vyake. Google Sheets bonyeza "Insert", halafu "Pivot table".
4. "Rows" weka Eneo, "Columns" weka Bidhaa, "Values" weka Faida, na ihesabu kwa SUM.
5. Unataka mwezi mmoja tu? Weka Tarehe kwenye "Filters".

⚠️ Jina la eneo liwe moja. Leo ukiandika Mbagala, kesho Rangi Tatu, jedwali litahesabu sehemu mbili.
⚠️ Hela ya boda iandike siku hiyo hiyo. Ukiiruka, faida itakayotokea ni ya uongo.

Ukishaiona hasara, usimfukuze mteja wa Tegeta. Mwambie delivari bure inaanzia madera 3: faida 15,000, toa boda 10,000, unabaki na 5,000. Akitaka moja, nauli ya boda ni juu yake.

Anza na oda za wiki hii. Na mtumie mwenzako anayetangaza "delivari bure Dar nzima" 😅