Unatafuta Printa ya Filamu za Kuchapa Tisho? Angalia Weusi, Wachana na Spidi

Maze, chukulia hii hali. Jumatatu familia fulani hapa Kanduyi inakuletea oda ya tisho 60 za matanga, picha ya marehemu kifuani, jina na tarehe mgongoni. Deposit iko kwa simu. Mwili unatoka mochari Ijumaa. Jumatano usiku unachoma skrini, unaiosha, na herufi za jina zinakataa kufunguka. Unaongeza presha ya maji, sasa emalsheni yote inaanza kubanduka kama utando wa maziwa. Unalaumu emalsheni, unalaumu jua, kumbe shida ilianzia kwa printa.

Wasee wengi wakienda kununua printa huuliza inatoa kurasa ngapi kwa dakika, kama iko na WiFi, na bei ya mwisho. Ukitaka printa ya filamu, hayo yote yangoje. Uliza kwanza: nyeusi yake inaziba mwanga kiasi gani?

Filamu ni ile shiti ya kupitisha mwanga yenye dizaini imechapwa kwa nyeusi. Unaiweka juu ya skrini uliyopaka emalsheni, halafu unaipeleka kwa jua ama taa. Mahali miale ya UV imepita, emalsheni inakuwa ngumu. Mahali nyeusi imeziba, inabaki laini, maji yanaitoa, na hapo ndipo wino utapita kwenda kwa tisho. Sasa nyeusi ikiwa hafifu, UV inapenya mdogo mdogo na herufi zako nazo zinakauka. Ukipunguza dakika za kuchoma ili herufi zifunguke, ile emalsheni ingine haijakomaa na inatoka kwa sinki. Ukiongeza, herufi zinafungika. Hakuna dakika ya katikati itakuokoa, na Bungoma tuko karibu kabisa na ikweta, jua la saa sita halina huruma.

Tuanze na leza, ile iko karibu kila saiba. Tona ni unga, na mashine inauyeyusha juu ya karatasi kwa joto la karibu digrii 200. Uzuri wake ni bei ya kila ukurasa, na wino haukauki hata ukikaa mwezi bila kazi. Inafanya fiti sana na tresing pepa ya kawaida kwa maandishi na logo za shule. Ubaya unaonekana ukichapa dizaini yenye nyeusi kubwa. Inua hiyo shiti juu, utaona vitundu vidogo kama vya sindano, mwanga unapita. Dawa ya kwanza ni kumwambia jamaa wa saiba azime ile setingi ya kuokoa tona na apandishe densiti hadi mwisho. Bado haitoshi? Chapa shiti mbili, uzipange moja juu ya ingine na ushikishe na selotepu.

Kwa dizaini ya rangi moja, hiyo mbinu inatosha kabisa. Rangi zikiwa mbili ama tatu, lile joto linaweza kufanya shiti ijivute kidogo, na si shiti zote hujivuta sawa. Fikiria mtu alikuwa na oda ya tisho za bendera ile Madaraka Dei ya 2024 ilifanyika hapa Masinde Muliro Stadium: nyeusi, nyekundu na kijani kila moja na skrini yake. Milimita moja ikikosea, bendera inaonekana kama imelewa.

Inkijeti haitumii joto la kuyeyusha, kwa hivyo filamu inabaki saizi yake. Hapa Epson za tangi ndizo wachapishaji wengi hukimbilia, na kuna sababu. L1300 na L1800 zinachapa hadi A3+, na wino wake wa dai unaingia ndani ya ile koti ya filamu na kuacha nyeusi nzito. Lakini ni lazima utumie filamu ya inkijeti, ile yenye upande mmoja uko kama maziwa. Wino hushika upande huo pekee. Tresing pepa kwa inkijeti hulowa na kujikunja. Na usijaribu kuweka filamu ya inkijeti ndani ya leza, inaweza kuyeyuka kwa rola na hapo umenunulia mwenye saiba mashine mpya.

Kuna mtego mmoja wauzaji hawatakwambia. Printa nyingi za Canon na HP zina nyeusi ya pigmenti ya karatasi za kawaida. Ukichagua setingi ya karatasi ya picha, baadhi yazo huacha hiyo nyeusi na kuchanganya rangi zile zingine kutengeneza nyeusi ya uongo. Kwa macho iko sawa, lakini kwa UV ni kama pazia la neti. Ukiwa nayo tayari, jaribu setingi tofauti za karatasi hadi upate ile inatoa nyeusi yenyewe.

Saizi ni rahisi. A4 ni sentimita 21 kwa upana, inatosha logo ya kifua na tisho za watoto. Dizaini ya mgongo wa mtu mzima inataka A3. Kuunganisha A4 mbili inawezekana, lakini ule mstari wa katikati utakusumbua kila siku.

Turudi kwa ile picha ya marehemu. Emalsheni haijui kijivu, inajua nyeusi na uwazi tu, kwa hivyo picha lazima ivunjwe kuwa vidoti. Kuna programu za kulipia kama AccuRIP, zinavunja picha na pia kuamuru Epson imwage nyeusi zaidi. Kama doh haijafika, Photoshop inafanya: geuza picha iwe greyscale, halafu bitmap, chagua halftone screen, weka laini 35 hadi 45 kwa inchi. (Picha ya WhatsApp yenye imetumwa kwa magrupu sita haitaponywa na programu yoyote. Omba ile orijino.)

Ununue ama usinunue? Mimi naona hivi: kama unapata oda moja kwa wiki mbili, baki na leza ya saiba na tresing pepa. Inkijeti ikikaa bila kazi, nozo zinaziba, na kuzisafisha kunakunywa wino wako. Ukianza kupata kazi kila wiki, tuseme timu, shule, chama, na kampeni za 2027 zikibisha, hapo A3 ya tangi inajilipa.

Siku ya kununua, iwe ni Bungoma mjini ama umepanda matatu hadi Kitale, beba flashi na filamu yako mwenyewe. Kwa faili weka boksi nyeusi ya sentimita tano na herufi ndogo kabisa. Ichapwe mbele yako, kisha uwashe tochi ya simu nyuma ya ile boksi. Ukiona taa waziwazi, rudisha doh kwa mfuko. Usipoiona, bado omba shiti hiyo uende nayo, uichome kwa kipande cha skrini kesho saa sita kabla ulipe.